Tangazo Nalo Libishe Hodi

Dada zetu na mama zetu wa visiwani,

Tunawaandikia kutoka Mwanjelwa, Mbeya, ambako wakati huu wa baridi tunashona huku tumevaa masweta. Sisi ni wanawake watatu wenye cherehani nne na fremu moja ndogo karibu na soko. Tulimaliza kidato cha nne, tukasomea ushonaji, na huu ni mwaka wa kumi na moja tunashona magauni ya nikahi, mabuibui na nguo za mama wa bi harusi. Lesi nyingi tunaagiza Darajani, kwa hiyo baadhi yenu tunajuana kwa sauti tu, hatujawahi kuonana sura.

Leo hatuna habari ya mishono. Tunataka kusema jambo kuhusu matangazo ya biashara: yale ya televisheni ambayo nyumba nzima inayaona, na yale ya simu yanayomfuata mtu mmoja mmoja. Katika nchi za wenzetu, televisheni nayo imeanza kujifunza kumfuata mtu mmoja mmoja ili simu isiimalize. Jambo hilo litafika na kwetu. Sisi tuna maoni juu yake, na tumeyapata kwa gharama.

Binti aliyetangazwa kabla ya mshenga

Ilikuwa Shaabani, miaka miwili iliyopita. Kwa mafundi Shaabani ni msimu wa mavuno, maana wengi wanataka ndoa ipite kabla ya Ramadhani. Tukaona tulipie tangazo kwenye mtandao mmoja wa simu. Kijana anayetuwekea picha akatuuliza tunataka tangazo lionwe na nani. Tukachagua: wanawake, Mbeya Mjini, umri wa miaka 20 hadi 35, wanaopenda mambo ya harusi. Akatuonyesha na sehemu nyingine ya kubonyeza: kila aliyewahi kufungua ukurasa wetu, tangazo limrudie tena na tena. Tukabonyeza. Tukalipa shilingi elfu kumi na tano, tukaona tumeula.

Wiki hiyohiyo alikuja binti mmoja na shangazi yake. Walifika jioni tukiwa tunafunga, wakatuomba tumpime nyuma ya pazia na jina lake tusiliandike kwenye daftari. Barua ya posa ilikuwa imeshafika kwao lakini baba alikuwa hajajibu. Shangazi alikuwa na hakika kwamba jibu ni ndiyo, akataka kuwahi foleni ya Shaabani. Tukampima, tukapokea kianzio, tukanyamaza. Fundi anayejua kiuno cha mtu halafu hajui kufunga mdomo hadumu Mwanjelwa.

Tangazo letu lakini halikunyamaza. Binti alikuwa amefungua ukurasa wetu mara kadhaa kuangalia mishono, na kuanzia hapo gauni letu jeupe likawa linamtokea kila akiwasha simu. Na simu yenyewe pale nyumbani ilikuwa kama ya wote. Mdogo wake anaangalia katuni, mama anapigia ndugu wa kijijini. Usiku mmoja umeme wa LUKU ukaisha, baba akachukua ile simu asome tokeni. Akakutana na gauni la bi harusi, jina la duka letu, na maneno tuliyoyaandika kwa mikono yetu: "Bi harusi wa Shaabani, gauni lako liko tayari."

Baba akaelewa kwamba bintiye ameshajipangia harusi bila yeye. Barua ya posa ikakaa miezi mitatu mingine.

Shangazi alirudi dukani kudai kianzio. Hakutukana. Alisema tu, "Ninyi mmetutangaza kwa mzee kabla ya mshenga." Tulimrudishia pesa yake yote. Alhamdulillah, nikahi ilikuja kufungwa Mfungo Tatu, lakini gauni alishonewa kwa fundi mwingine, na ilikuwa haki yake.

Tungeweza kuulaumu mtandao. Lakini mtandao ulifanya kile tulichoulipa ufanye. Tulimlipa mtu amfuate mteja wetu mpaka ndani kwao, na hatukumuuliza mteja. Tangu siku ile kila tukisikia watu wanasifu tangazo "linalomjua mteja", tunamkumbuka yule shangazi amesimama mlangoni na risiti mkononi.

Televisheni inasema na wote

Ninyi wa visiwani mlitangulia katika mambo haya. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena ya rangi, wakati sisi wa bara tulikaa bila kituo hata kimoja mpaka miaka ya tisini. ITV ilianza mwaka 1994. Hapa Mbeya wengi wetu tuliikuta televisheni kwa jirani mwenye uwezo, tunavua viatu mlangoni na kukaa kwenye mkeka mpaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku iishe. Mwaka 2013 mitambo ya analojia ya hapa ikazimwa, kila nyumba ikaanza kutafuta king'amuzi. Mwisho wa mwaka huo Azam TV nayo ikaingia, na leo dishi liko hadi juu ya nyumba ambayo haijapigwa lipu.

Kwa miaka yote hiyo namna ya kutangaza haikubadilika sana. Tangazo la televisheni ni kama gari la matangazo linalopita Kabwe na spika juu: aliye dukani anasikia, aliye kwenye bajaji anasikia, anayehusika na asiyehusika wote wanasikia. Mawimbi yanayotoka kwenye mnara au kwenye setilaiti yanakwenda upande mmoja tu, hayarudi kusema nani aliangalia. Sabuni inayotangazwa usiku inatangazwa kwa Mbeya, kwa Bukoba na kwa Mtwara kwa sekunde zilezile.

Kwa kampuni ya sabuni hilo ni jema, maana sabuni inauzwa kote. Kwa fundi wa Mwanjelwa ni mzigo. Tuliwahi kuulizia bei ya sekunde thelathini kwenye kituo kimoja cha taifa, wakati wa jioni ambao watu wengi wako nyumbani. Bei tuliyotajiwa ingekula kodi ya fremu yetu ya miezi mingi, na hiyo ni kwa kuonekana mara moja. Tena tungekuwa tunamlipia mtu wa Bukoba aone gauni ambalo hatakuja kulipima. Tukashukuru, tukakata simu.

Ndiyo maana wafanyabiashara wadogo tulikimbilia kwenye simu, na hatukukimbilia ujinga. Kwa elfu kumi au ishirini unaonekana kwa watu wa mtaa wako. Unaona wangapi wamefungua, wangapi wamekuandikia. Mteja anakutumia picha ya kitambaa saa nne usiku na kianzio kinaingia kwa simu. Tukisema kweli, kati ya magauni kumi tunayoshona, sita au saba mteja alituona kwanza kwenye simu. Anayetuambia tuachane na simu hajui tunavyolipa ada za watoto.

Televisheni zinaliona hilo. Bado zina nguvu yake, hasa kwenye mpira: mwaka 2021 Azam ilisaini mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha ligi kuu ya Tanzania Bara wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Lakini pesa kama hiyo lazima irudi kutoka mahali, na matangazo ni sehemu moja ya kurudisha. Wakati huohuo vijana wanaangalia magoli kwenye simu asubuhi, na vipindi vya vituo vyetu wenyewe vinawekwa YouTube, ambako anayepanga nani aone tangazo gani ni kampuni ya Marekani. Serikali iliona pesa inavyokwenda nje, na kuanzia Julai 2022 ikaweka kodi ya asilimia 2 kwa makampuni ya nje yanayouza huduma za kidijitali hapa nchini. Kodi hiyo ni ya serikali. Kituo cha televisheni chenyewe hakijarudishiwa mteja wake.

Kwa hiyo siku moja kituo kitasema: na sisi tutamjua mtazamaji mmoja mmoja. Hapo ndipo tunaomba tusikilizwe mapema, kabla mambo hayajawa mazoea.

Wenzetu wamefanyaje

Uingereza, kampuni ya Sky ilianza utaratibu huo mwaka 2014, ukiitwa AdSmart. King'amuzi kinapokea matangazo mengi kimyakimya na kuyatunza ndani. Ikifika zamu ya tangazo, kila nyumba inapata lake, kwa kuangalia iko eneo gani na ni familia ya namna gani. Majirani wawili wanaangalia tamthilia ileile, dakika ileile: mmoja anaona tangazo la gari, mwingine la nepi za mtoto. Faida yake ni kwamba duka la mji mmoja liliweza kuingia kwenye televisheni kubwa kwa mara ya kwanza, maana linalipia mji wake tu.

Ufaransa walikwenda polepole zaidi. Mpaka mwaka 2020 sheria yao ilitaka watazamaji wote wa kituo cha taifa waone tangazo moja. Agosti mwaka huo waliruhusu matangazo ya kugawanywa kwa eneo na kwa mtazamaji, lakini kwa masharti. Mwenye nyumba aulizwe kwanza kama anakubali taarifa zake zitumike. Vipindi vya watoto visiguswe. Na tangazo la namna hiyo lisitaje anwani ya duka, ili magazeti na redio za mikoani, ambazo zinaishi kwa matangazo ya maduka ya jirani, zisife.

Marekani tunapata onyo. Kampuni ya Vizio, inayouza televisheni zenye intaneti, iligundulika inaandika kila kinachoangaliwa kwenye televisheni milioni 11 bila kuwaomba wenyewe ruhusa ya kueleweka. Mwaka 2017 ilikubali kulipa dola milioni 2.2. Fikiria, shosti: umenunua televisheni kwa pesa yako, umeiweka sebuleni kwako, unakaa mbele yake bila mtandio kwa sababu ni kwako, kumbe inaandika unachoangalia na kupeleka habari kwa wafanyabiashara.

Sisi Waislamu tuna adabu ya jambo hili tangu zamani. Suratun Nur inatufundisha tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyeji, na tukiambiwa turudi, turudi. Suratul Hujurat inatukataza kupekuapekua mambo ya watu. Hatujioni masheikh, na hatutoi fatwa juu ya king'amuzi. Tunasema tu kwamba mtoto wa chuoni anajua kupiga hodi, na biashara ya watu wazima haiwezi kushindwa na mtoto wa chuoni.

Kilicho sebuleni kina mashahidi

Kuna jambo moja ambalo televisheni inalo na simu haina, na tunaogopa televisheni italitupa ikidhani ni udhaifu wake. Tangazo la televisheni linaonwa na mama, bibi, binti na kaka kwa pamoja. Likiwa la uongo, kuna mtu mzima ataguna. Likiwa la aibu, baba atachukua rimoti, na kesho yake watu watalizungumza msikitini na sokoni mpaka kituo kisikie. Wafanyabiashara wanalijua hilo, kwa hiyo wanajizuia kidogo.

La kwenye simu halina mashahidi. Binti wa miaka kumi na tisa anaonyeshwa krimu za kujichubua wiki tatu kabla ya harusi yake, kwa sababu simu imeshajua anaolewa na imeshajua ana wasiwasi na rangi yake. Mama yake aliyekaa kitanda kimoja naye hajui. Wateja wetu wawili walikuja kupimwa na nyuso zimeungua. Walipoulizwa walisema krimu waliiona kwenye simu, na kila walipoipita ilirudi.

Mikopo nayo hivyohivyo. Harusi ina presha ya pesa, na simu inaisikia presha hiyo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha watu mtandaoni bila kibali. Nyingi ni ile mikopo tunayoiita kausha damu: ukichelewa siku moja wanawapigia ndugu zako wote na kukudhalilisha. Zilienea zimeshasambaa nchi nzima ndipo wakubwa wakapata habari vizuri, kwa sababu zilikuwa zinamnong'oneza mtu mmoja mmoja. Lau tangazo lile lingepita sebuleni saa mbili usiku, babu mmoja tu angelipigia kelele siku ya kwanza.

Na bi harusi, ukweli ni kwamba haolewi peke yake. Miaka hii kumi na moja hatujashona gauni la nikahi ambalo binti aliliamua mwenyewe tu. Anakuja na mshono kwenye simu, mama anasema mgongo uzibwe, shangazi anataka mikono iwe mirefu, bibi anauliza bei. Tangazo lililomfikia binti peke yake limefikia robo ya mteja. Televisheni inawafikia wote wanne kwenye kochi moja. Sisi tungelipa kwa ajili ya kochi hilo, kama bei ingekuwa ya mfuko wetu.

"Lakini televisheni imeshapitwa"

Kuna watakaosema tunatetea kitu cha wazee. Mmoja wetu hapa dukani alisema hivyohivyo, mpaka ilipofika tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Intaneti ilikatika nchi nzima na ikakaa siku kadhaa. Hatuna la kusema juu ya siasa, tunasema la dukani kwetu. Tulikuwa na magauni matano yanasubiri watu wathibitishe vipimo, na picha zote, oda zote na mazungumzo yote yalikuwa kwenye simu. Hatukuweza kumfikia mteja hata mmoja ambaye namba yake hatukuiandika kwenye daftari. Televisheni iliendelea kuwaka. Redio za hapa Mbeya ziliendelea kusikika. Tuligundua kwamba tulikuwa tumeweka duka zima ndani ya nyumba ambayo ufunguo wake hatuna.

Tangu hapo tumerudi kwenye daftari la karatasi, na tunatamani kuwa na zaidi ya mlango mmoja wa kumfikia mteja. Televisheni ikifa au ikageuka simu kubwa tu ya ukutani, tutabaki na mlango mmoja.

Ombi letu

Kwa wenye vituo na ving'amuzi, tunaomba haya.

La kwanza, mgawanye matangazo kwa mahali kabla hamjafikiria kuyagawanya kwa mtu. Minara ya antena iko mkoa kwa mkoa. Mnara unaorushia Mbeya ungeweza kupewa dakika mbili za Mbeya katika kila saa, wakati Mwanza na Tanga wana zao. Kujua kwamba nyumba iko Mbeya si siri ya mtu. Sisi tungelipia Mbeya, Songwe na Njombe, basi. Hatuna haja ya kujua nani kaposwa.

La pili, mgawanye kwa kipindi na kwa msimu. Anayeangalia kipindi cha mapishi ya futari anajulikana anachotaka bila kupekuliwa. Shaabani na Mfungo Mosi zinajulikana kwenye kalenda. Tangazo la gauni likiwekwa kwenye kipindi cha harusi mwezi wa Shaabani limeshampata mwenye harusi, na asiye na harusi hajavunjiwa siri.

La tatu, mtuuzie vipande vidogo. Mafundi kumi wa Mwanjelwa tungeweza kuchanga tukanunua dakika moja, kila mmoja na sekunde zake sita, jina la duka na picha moja. Tunachanga kwenye vikoba kila wiki, kuchanga hakutushindi. Kinachotushinda ni mlango wenye bei moja ya kiwanda cha soda.

La nne, siku mtakapotaka kumjua mtazamaji kwa jina na namba yake, mpigieni hodi. King'amuzi kimesajiliwa kwa jina la mtu, na kifurushi kinalipiwa kwa namba yake ya simu. Habari hizo alizitoa aangalie televisheni, hakuzitoa ziuzwe. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara. Ulizeni kwa Kiswahili chepesi, kwa maandishi makubwa, na hapana iwe rahisi kubonyeza kama ndiyo. Na vipindi vya watoto viacheni kabisa.

La tano, msizikanyage redio za mikoani. Wao walitupokea wakati ninyi hamkuwa na bei ya kwetu.

Kwa wafanyabiashara wenzetu, wapambaji, wapishi wa pilau, mafundi wa hina na piko: tusisubiri sheria itulazimishe. Sisi tumeizima ile sehemu ya tangazo kumrudia kila aliyefungua ukurasa. Wateja wapya wamepungua kidogo, hatutaficha. Tangazo letu sasa halisemi "bi harusi, gauni lako liko tayari". Linasema tunashona magauni, mabuibui na kanzu za watoto, basi, baba mwenye nyumba akiliona ajue tu kwamba kuna mafundi Mwanjelwa. Anayeleta posa kwake si sisi.

Na kwako, bi harusi mtarajiwa. Ndoa tumefundishwa itangazwe, na ikifika siku yake tutaitangaza kwa dufu na kwa pilau. Kabla ya hapo siri ni yako na ya wazazi wako. Usitafute mishono kwenye simu inayozunguka nyumba nzima. Likikutokea tangazo usilolitaka, kwenye mitandao mingi kuna alama ya vidoti vitatu pembeni, bonyeza hapo uchague lisionekane tena. Ukinunua televisheni ya intaneti, siku ya kuiwasha usibonyeze "nakubali" kwa haraka ya kuona tamthilia, msomeshe mdogo wako aliyeko shule akutafsirie kila ukurasa. Kuhusu krimu na mkopo, fanya kama lile tangazo lingepita sebuleni: msomee mama yako kwa sauti. Likikushinda kumsomea, umeshapata jibu.

Yule binti tunamwona siku moja moja sokoni, ana mtoto mgongoni. Anatusalimia vizuri. Mwezi uliopita shangazi yake alipita dukani kupunguza buibui, akaangalia juu ukutani tulipobandika bei zetu, akauliza kama bado tunatangaza kwenye simu. Tukamwambia ndiyo, ila sasa hatumfuati mtu. Akasema, "Haya, basi nipimeni." Tukafunga pazia.

Mungu azijaalie ndoa zenu kheri na sitara. Maasalaama kutoka Mwanjelwa.